Filamu ya Notting Hill: dhana potofu na ukweli wake

Notting Hill, iliyopewa jina la mtaa wa London, ilitoka mwaka 1999. Hugh Grant ni William, muuza vitabu vya safari ambaye duka lake halimpi faida. Julia Roberts ni Anna Scott, nyota wa sinema kutoka Marekani. Iliingiza zaidi ya dola milioni 360 duniani, na hadi leo haikosi kutajwa watu wakianza kubishana kuhusu vichekesho vya mapenzi vya Waingereza. Wanaoipenda huisifu kwa mambo ambayo mengine hayamo kabisa, na wanaoiponda nao mara nyingi hupiga pasipouma.

Dhana: Maneno yale maarufu ya Anna ndiyo yanayomshinda William.

Ukweli: Hayamshindi. Anna anamwambia kwamba yeye ni msichana tu, amesimama mbele ya mvulana, anamwomba ampende. Kinachosahaulika ni kwamba William ameshamkataa kabla hajayasema, na akishayasema bado anakataa. Anna anaaga na kutoka dukani, zawadi yake imebaki: mchoro wa Marc Chagall wa bibi harusi na mbuzi mwanamuziki. (Filamuni mbuzi husemwa anapiga fidla. Aliyechorwa na Chagall anapiga selo.) Kinachombadili William ni marafiki zake, na hasa Spike, mpangaji mwenzake mchafu asiye na haya, anayemwambia wazi kwamba amefanya upumbavu. Tamko la mapenzi lililogonga mwamba ni jambo adimu katika filamu za aina hii, nasi tumelikumbuka kana kwamba lilifaulu.

Dhana: Ni hadithi ya mwanamume wa kawaida anayemwinda nyota mpaka anampata.

Ukweli: Nani anamwinda nani? Busu la kwanza ni la Anna, tena muda mfupi baada ya William kummwagia maji ya machungwa barabarani. Magazeti yanapomwandama, ni Anna anayekimbilia kwa William. Anayerudi dukani kuomba radhi ni yeye vilevile. William kazi yake kubwa ni kuona haya kwa namna ya kupendeza, mpaka pale mwishoni anapokurupuka kwenda hoteli ya Savoy kwenye mkutano wa waandishi wa habari. Filamu inalegea kweli upande wa Anna. Anna anamficha kwamba ana mpenzi, anamlaumu kwa picha za magazetini, anamkana mbele ya mwigizaji mwenzake, kisha tunatakiwa tumsamehe kwa sababu ana macho ya huzuni. Roberts anajitahidi, muswada haukumpa vya kutosha.

Dhana: Ni filamu nyepesi, ya kuchekesha tu.

Ukweli: Anayesema hivi huenda alisinzia wakati wa chakula cha jioni. Ni siku ya kuzaliwa ya Honey, dada yake William, na wanakula nyumbani kwa Max na mkewe Bella. Kinabaki kipande kimoja cha keki ya chokoleti, na wanakubaliana kwamba atakayethibitisha maisha yake ni mabaya kuliko ya wote ndiye atakayekila. Rafiki yao Bernie ni dalali wa hisa asiyeelewa kazi yake. Honey ana kazi mbovu na hana mtu. Bella, aliyeanguka na sasa yuko kwenye kiti cha magurudumu, anasema kwa sauti ya kawaida kabisa kwamba yeye na Max hawataweza kupata mtoto. Meza inanyamaza. Kisha Anna naye anaingia shindanoni: njaa ya miaka mingi ya kujinyima chakula, mwanamume aliyempiga, upasuaji, na siku itakayokuja ambapo uzuri utakwisha na watu watagundua hajui kuigiza. Kimya tena, halafu Max anamwambia amejaribu vizuri lakini hadanganyi mtu.

Kwangu mimi filamu nzima imo katika dakika hizo chache. Mapenzi ya William na Anna ni kisingizio cha kutukalisha na watu hawa, wanaoliwazana kwa kutaniana. Sifa kwa hilo haimwendei Richard Curtis peke yake, ingawa wengi hudhani ndiye aliyeiongoza. Yeye aliandika. Mwongozaji alikuwa Roger Michell, aliyefariki mwaka 2021.

Dhana: Mtaa unaoonekana filamuni ndio Notting Hill yenyewe.

Ukweli: Mlango wa buluu upo kweli, nambari 280 Westbourne Park Road, na nyumba ilikuwa ya Curtis mwenyewe. Duka la vitabu lililompa wazo lilikuwa Blenheim Crescent na lilifungwa mwaka 2011, ila picha zilipigwa kwingine, katika barabara ya Portobello. Hayo ni madogo. Kubwa ni watu.

Katika miaka ya 1950 wahamiaji kutoka visiwa vya Karibi walipanga hapo katika nyumba chakavu za kodi ya kunyonya. Mwisho wa Agosti 1958 vijana wa Kizungu waliwashambulia kwa siku kadhaa, na Mei 1959 Kelso Cochrane, seremala kutoka Antigua, aliuawa kwa kisu karibu na hapo. Sherehe ya mitaani iliyoanza mwaka 1966 ndiyo iliyokua ikawa Kanivali ya Notting Hill. Mgahawa wa Mangrove, kituo cha wahamiaji hao uliovamiwa na polisi mara kwa mara mpaka kesi yake ikatikisa Uingereza, ulikuwa All Saints Road, mwendo wa dakika chache kutoka kwenye ule mlango wa buluu.

Sasa tazama matembezi ya William sokoni, majira manne yakipita katika hatua zake, mwanamke mjamzito wa mwanzo akionekana mwishoni na mtoto mikononi. Ni ufundi wa hali ya juu. Anayeimba huzuni yake ni Bill Withers, Mmarekani Mweusi. Lakini Weusi wa mtaa wenyewe ni wa kutafuta kwa tochi, na Kanivali haipo katika majira yoyote.

Dhana: Lawama hizo ni za watu wa leo wanaoihukumu filamu ya zamani.

Ukweli: Upungufu huo ulisemwa tangu filamu ilipotoka. Mwaka 2023, akihojiwa na binti yake Scarlett katika tamasha la fasihi la Cheltenham, Curtis mwenyewe alikiri. Alieleza kwamba shule na marafiki zake wa chuo walikuwa wa aina moja, na kwamba alihisi hangejua kuwaandika watu tofauti na hao. Maelezo hayo yangeniingia vizuri zaidi kama mtu huyohuyo asingekuwa ameanzisha Comic Relief mwaka 1985, shirika linalochangisha fedha kwa ajili ya Afrika na Uingereza, akiwa pamoja na Lenny Henry, mchekeshaji ambaye wazazi wake walitoka Jamaika.