Msimamizi wa mifumo: yule mtu wa IT anayeonekana hana kazi

Kwenye ofisi nyingi za hapa Mtwara mjini yupo mtu mmoja ambaye cheo chake hakuna anayekijua vizuri. Wengi humwita "mtu wa IT" basi. Wa ofisini kwetu utamkuta kavaa kandambili, kanyoosha miguu chini ya meza, anatafuna korosho za kubanika zilizofungwa kwenye gazeti. Mbele yake kioo cheusi chenye maandishi meupe yanayopanda polepole. Kila mhasibu anapopita na mafaili yake kifuani huguna, maana kwa macho ya mhasibu yule bwana analipwa kwa kutafuna.

Jina la kazi yake ni msimamizi wa mifumo ya kompyuta. Watu humchanganya na fundi, na mwenyewe keshachoka kukanusha. Fundi anafungua kompyuta yako iliyokufa, anabadilisha kinachobadilishika, unamlipa, mnaachana. Yupo pia mwandishi wa programu, ambaye anatunga ule mfumo unaoutumia kutoa risiti. Msimamizi anakuja baada ya hao wote. Kazi yake ni kuhakikisha seva, ile kompyuta kuu inayohudumia nyingine zote, inawaka, mtandao unapita, kila mfanyakazi anaingia pale tu anaporuhusiwa, na kilichoandikwa jana kinapatikana leo. Ukitaka mfano wa pwani, mfikirie yule baharia wa kufua maji chomboni. Maji yakiwa chini ya mbao za sakafu hakuna abiria anayejua kama yupo. Yakifika kwenye magoti, wote wanalijua jina lake.

Mamlaka yake yenyewe ni makubwa kuliko kandambili zake. Katika mifumo ya kuendeshea kompyuta ya jamii ya Unix, iliyoanza mwaka 1969 kwenye maabara za Bell huko Marekani, na hata Linux iliyofuata mwaka 1991, kuna akaunti moja inayoitwa root, yaani mzizi. Mwenye akaunti hiyo anasoma kila faili, anafuta kila kitu, na kwa kawaida mashine haimuulizi mara mbili. Meneja mwenyewe hana uwezo huo. Ndiyo maana msimamizi mzuri haingii kama root kutwa nzima. Anaingia, anafanya alilokusudia, anatoka, kama mtu aliyeazimwa panga kali. Na ndiyo maana pia umbea haumfai: barua za ofisi nzima ziko mikononi mwake, na tangu Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, kuzichezea taarifa za watu si utovu wa adabu tu, ni kosa la kisheria.

Sasa tuje kwenye huo uvivu. Larry Wall, Mmarekani aliyetengeneza lugha ya kuandikia programu iitwayo Perl mwaka 1987, aliuhesabu uvivu kuwa mojawapo ya sifa njema za mwandishi wa programu, na wasimamizi wa mifumo wameupokea kwa mikono miwili. Maana yake ni hii: mtu aliyechoka kufanya jambo lilelile kila siku anakaa jioni moja, anaandika skripti, yaani orodha ya amri za kompyuta, kesho mashine inafanya yenyewe. Kwenye Unix kuna kijiprogramu kinaitwa cron, kipo tangu miaka ya 1970, na kazi yake ni kuamsha kazi nyingine kwa saa uliyoipanga. Nakala za akiba za mahesabu zinachukuliwa usiku wakati mji umelala. Diski inapimwa nafasi. Akaunti za walioacha kazi zinafungwa. Asubuhi bwana wetu anasoma tu ripoti, na zile korosho zinaanza.

Hapo kwenye saa kuna mtego ambao Waswahili tunaujua vizuri. Seva nyingi huwekwa kwenye saa ya dunia, UTC, iliyo nyuma yetu kwa saa 3. Tuseme kumbukumbu za seva zinasema hitilafu ilitokea 23:40. Saa ya ukutani hapa ilikuwa 02:40. Mlinzi wa getini, ukimuuliza umeme ulikatika lini, atakwambia saa nane na dakika arobaini usiku. Ni dakika ileile moja, imevaa nguo tatu. Nimeshaona watu wazima wakibishana nusu saa kumbe wanasema kitu kimoja.

Kama kuna kinachowasumbua wasimamizi wa huku kuliko virusi, basi ni umeme na chumvi. Upepo wa bahari ya Shangani hauchagui. Unakula mabati, unakula vitasa, na unakula viunganishi vya shaba nyuma ya swichi ya mtandao mpaka vinaota kijani. Wa kwetu chumba cha seva hakifungulii dirisha hata kukiwa na joto la Februari. Umeme ukikatika, UPS, ile betri ya akiba ya kompyuta, inalia, na hapo ndipo utaona mwendo wake. Hakimbii. Anatazama betri imebaki dakika ngapi, anazima kwanza hifadhidata, kisha seva, kisha mengine. Mfumo wa mahesabu ukizimika katikati ya kuandika unaweza kubaki na nusu ya muamala, na nusu ya muamala ni ugomvi wa wiki nzima.

Mei 2024 ilitufundisha wengi. Mwanzoni mwa mwezi kilipita kimbunga Hidaya, barabara ya kwenda Dar es Salaam ikakatika kule Somanga. Tarehe 12, nyaya za baharini za EASSy na Seacom zikakatika upande wa Msumbiji na Afrika Kusini, intaneti ikawa ya kunyunyizwa. Ofisi zilizokuwa zimeweka kila kitu kwenye seva za mbali zilikaa zikitazamana. Aliyekuwa na seva yake chumbani aliendelea kuandika risiti, akasubiri intaneti irudi ndipo atume. Sisemi seva za mbali ni mbaya. Nasema mtu wa kusini akipanga mfumo wake bila kuuliza "na siku njia ikikatika?", huyo hajaishi huku.

Kwa tabia, mengi ya huyu bwana ni ya mvuvi, na si ajabu jioni utamkuta Mikindani na mshipi wake, au barazani anacheza bao bila haraka. Mvuvi anajua bamvua likoje na maji mafu yakoje, kwa hiyo maji yakija visivyo anashtuka kabla yako. Msimamizi naye anajua seva yake ikipumua kawaida inakuwaje. Ana maneno machache. Ijumaa mchana hagusi kitu kinachofanya kazi, hata umwombe vipi. Ukimfuata na "kaka, sistimu haifunguki", atakuuliza, "Dada, umeiwasha ukutani?" Usikasirike. Mara nyingi haijawashwa.

(Wana hata siku yao: Ijumaa ya mwisho ya Julai, iliyoanzishwa mwaka 2000 na Ted Kekatos wa Chicago ili watumiaji wawashukuru. Huku sijaona mtu akimpelekea mwenzake hata ming'oko ya kuchemsha.)

Lakini tusidanganyane, wapo pia wavivu wa kweli, nao hukaa vilevile, kandambili vilevile. Kanuni ya nakala inasema ziwe 3, kwenye hifadhi za aina 2 tofauti, na 1 iwe mbali na jengo. Kuisema kila mtu anaweza. Njia ya kuwatofautisha ni kumwomba akurudishie faili ulilolifuta mwenyewe. Mvivu wa kweli ataanza kukueleza habari za bajeti.

Wa kwetu nilimpelekea ombi hilo mwezi uliopita, jasho linanitoka, daftari zima la madeni ya wateja limepotea kwa kidole changu mwenyewe. Aliweka korosho pembeni, akajifuta mikono kwenye suruali.

"Unalitaka la jana usiku," akaniuliza, "au la Jumatatu, kabla hujaanza kulivuruga?"