Je, wajua pini "zilizofichwa" za Raspberry Pi, kompyuta ndogo ya bodi moja, ziko wapi?

Zamani swali hili nililijibu kwa kujiamini, tena kwa makosa: zimefungwa na programu, nilisema, na mwenye kujua amri yake atazifungua. Chipu ya BCM2835, iliyobeba Raspberry Pi za mwanzo, ina njia 54 za GPIO, yaani njia za matumizi ya jumla za kupokea na kutoa ishara. Model B ya 2012 ilitoa 17 tu kwenye safu yake ya pini 26. Ukiziona hesabu hizo, lazima uwaze kufuli.

Kufuli halikuwapo. Model B+ ya 2014 ilikuja na chipu ileile, ikatoa njia 28 kwenye pini 40. Kilichobadilika ni bodi. Hata kabla yake, toleo la pili la Model B lilikuwa na matundu manane yaitwayo P5, hayana pini, na manne kati yake ni GPIO 28 hadi 31. Lehemu pini zako, basi. Siri yenyewe ilikuwa tundu tupu.

Njia nyingine je? Chukua nyumba ya milango 54. Michache inatazama barabarani, iliyobaki iko uani. Kila mlango una bawabu anayeamua utumiwe na nani: kupokea, kutoa, au mmoja wa wapangaji sita wa ndani. Bawabu huyo ni biti tatu tu, zenye michanganyiko minane. Rejista moja (kisanduku cha kumbukumbu ndani ya chipu) ya biti 32 inabeba mabawabu kumi, na biti mbili zinakaa bure. Programu inaweza kumwamuru bawabu yeyote, hata wa uani. Ila amri hubadilisha mpangaji, mlango haihamishi.

Na uani kuna kazi. GPIO 48 hadi 53 zinahudumia kadi ya kumbukumbu: geuza bawabu mmoja wa hapo wakati mfumo unaendelea, na kompyuta itapoteza kadi yake bila hata kubisha. Mawindo mepesi ni taa ya ACT, ile inayomulika kadi inapotumika, GPIO 16 kwenye Model B na 47 kwenye B+ (namba huhama kati ya matoleo, kwa hiyo soma mchoro wa bodi yako). Hapo waya mwembamba unaweza kulehemiwa, mradi usizidi volti 3.3.

Njia ambayo bodi haikuichorea mkondo wowote inaishia kwenye kitone cha lehemu chini ya tumbo la chipu, mahali ambapo ncha ya chuma cha kulehemu haifiki.