Uchungu hauui sukari

Bi mkubwa mmoja alinijia juzi kliniki, Chake Chake, na chupa ya maji ya mwarobaini mkobani. Nikamtoboa kidole, mashine ya sukari ikasoma 18, juu mno. Metformini, kidonge chake cha kisukari, kaiacha, wiki ya tatu sasa. "Mwanangu, kichungu ndicho kinachoua sukari," kaniambia.

Neno hili nimelisikia mpaka linaniuma, kwa sababu linawaharibia watu macho na miguu. Uchungu ni habari ya ulimi. Glukosi, yaani sukari iliyomo kwenye damu, haionji kitu. Mmea mchungu unaweza kuwa na kemikali inayofanya kazi, karela, lile tunda chungu la mboga, kwa mfano, lakini kazi ni ya kemikali, na wingi wake hubadilika kwa tunda na tunda.

Tazama mbegu za uwatu. Uroweke usiku, asubuhi utaukuta umevimba na kutoa ute unaovutika kama wa bamia. Ute ule ni nyuzinyuzi. Ukifika tumboni huufanya uji wa chakula uwe mzito, na sukari ya wali au ya muhogo wa nazi wa futari ikaingia damuni polepole. Kwa hiyo anayechuja akanywa maji tu, mbegu akazitupa, sehemu kubwa ya faida kaitupa jaani. Na anayeula mbali na wakati wa chakula, ute wake hauna cha kuzuia.

Karafuu na chai ya rangi zina polifenoli, kemikali za mimea zinazokwamisha vimeng'enya vya kuvunja wanga, njia ile ile ya akaboze, kidonge cha kisukari. Hayo ni ya maabara. Karafuu mbili kikombeni ni kidogo mno.

Mdalasini unanitia shaka khasa. Mwaka 2003, Pakistan, wagonjwa 60 waliingia kwenye jaribio, nusu yao wakapewa mdalasini, sukari yao ikashuka. Mwaka 2012 Cochrane, mtandao wa watafiti wanaochambua majaribio ya tiba, wakapitia majaribio 10 yenye watu 577, wasione ushahidi wa kutosha. Mimi siupigi marufuku, wala siuandiki kama dawa.

Na hiyo metformini inayokimbiwa kwa kuwa "ya kizungu" ina asili ya mmea, galega wa Ulaya. Kemikali ya mmea wenyewe ilikuwa na sumu, wakatafuta ndugu yake aliye salama, na Jean Sterne akaitangaza Ufaransa mwaka 1957.

Anayetumia glibenklamidi, kidonge kingine cha kushusha sukari, au insulini asiongeze karela kimyakimya. Sukari hushuka mno: jasho, mikono kutetemeka, maneno kupotea.

Bi mkubwa nimemrudisha kwenye vidonge. Uwatu nimemwachia, kijiko kimoja kilichorowekwa, ale na mbegu zake pamoja na chakula, na kila asubuhi mjukuu ampime.