Je, wajua kwa nini Mhindi aliyesoma Marekani husema "mwakani narudi" kwa miaka ishirini?

Wahindi waliosoma Marekani wana msemo wao wa siku nyingi: X + 1. X ni mwaka huu tulio nao. Ukimuuliza mtu anarudi lini nyumbani, jibu ni X + 1, yaani mwakani. Mwakani ukifika, nao unakuwa X, na jibu linabaki lile lile.

Niliusikia mara ya kwanza jikoni, kwenye nyumba ya kupanga niliyoishi na vijana wawili wa Hyderabad tulipokuwa tunasoma Ohio. Mmoja alikuwa anasubiri dengu ziive kwenye sufuria ya presha, simu kaiegemeza kwenye kopo la chumvi, anaongea na mama yake Kitelugu. Kwetu usiku, kule asubuhi. Nilichoambulia ni mwaka tu, maana aliutaja kwa Kiingereza. Alipokata simu nikamuuliza kama kweli anarudi. Akachukua bahasha ya bili ya umeme, akaandika X + 1 kwa nyuma, akanieleza.

Nilielewa vibaya, na nilikaa na kosa hilo miaka kadhaa. Nilidhani ni adabu ya mtoto asiyetaka kumvunja mama moyo: ameshaamua kubaki, dola zimemnogea, ila hathubutu kusema. Hata ndugu zetu wenyewe walioko nje huwa tunawapima hivyo. Aliyebaki kasahau kwao, aliyerudi mambo yamemshinda. Tunachukulia kwamba ipo siku moja ambayo mtu hukaa kitako, akaweka nyumbani upande huu na ugenini upande ule, akapima, akachagua.

Kwa wengi wao siku hiyo haipo. Kilichopo ni mfululizo wa tarehe za kusubiri, na kila tarehe inamwambia mtu asiondoke kwanza.

Hata historia haikubaliani na kipimo cha moyo. Tazama vijana wawili waliopelekwa nje kwa fedha za serikali miaka ile ya 1940. Verghese Kurien alisoma Michigan, akarudi, na mwaka 1949 mkataba wa ufadhili ukampeleka Anand, mji mdogo wa Gujarat ambao hakuupenda. Alikuwa anahesabu siku za kuondoka. Wafugaji wa ushirika wakamwomba asaidie mashine zao za maziwa, naye akabaki Anand hadi kifo chake mwaka 2012, akiwa ameujenga ushirika wa maziwa wa Amul na kuwa baba wa mapinduzi ya maziwa India. Har Gobind Khorana alipata uzamivu wake Liverpool mwaka 1948, naye akarudi mwaka 1949. Hakupata kazi. Akaondoka tena, na mwaka 1968 akapewa Tuzo ya Nobel akiwa mtafiti wa Marekani. Kwa kipimo cha moyo, Kurien aliyekuwa anahesabu siku ndiye angeondoka, na Khorana aliyerudi angebaki. Matokeo yakawa kinyume. Kilichowatofautisha ni mlango uliokuwa wazi siku walipofika.

Siku hizi milango ni mingi, na inafunguliwa kwa zamu. Mwaka wa masomo 2023/24 wanafunzi kutoka India waliokuwa Marekani walifika 331,602, wakawapita Wachina kwa mara ya kwanza tangu 2008/09. Karibu 197,000 kati yao walikuwa wa shahada za juu, hasa uzamili. Zaidi ya 97,000 walikuwa wameshamaliza masomo, wako kwenye kipindi cha kufanya kazi kwa mafunzo.

Safari inaanzia dirisha la ubalozi, ambako sheria inamhesabu kila mwombaji kuwa mhamiaji mpaka athibitishe vinginevyo. Kijana anaapa kwamba atarudi, na wengi husema kweli. Akihitimu anapewa miezi 12 ya kufanya kazi, na kama fani yake ni sayansi, teknolojia, uhandisi au hisabati anaongezewa 24. Hapo ndipo mkopo unapoamua. Amekopa benki kwa rupia, mara nyingi hati ya nyumba ya wazazi ikiwa dhamana, na karo ameilipa kwa dola. Kulipa deni hilo kwa mshahara wa kuanzia kazi Hyderabad ni kazi ya miaka mingi. Kwa mshahara wa Marekani linaweza kuisha katika miaka miwili mitatu. Kwa hiyo jibu la kwanza la "mwakani" ni la mdaiwa anayetaka kuirudisha hati ya baba kabatini.

Kisha inakuja viza ya kazi ya H-1B, ambayo kwa kampuni binafsi ni 85,000 kwa mwaka. Waombaji wakizidi, na huzidi, inachezeshwa bahati nasibu. Aliyepata anakaa miaka mitatu, kisha mingine mitatu. Ndani ya miaka hiyo sita mwajiri anaweza kumwombea ukaazi wa kudumu, ile grinikadi. Na hapa ndipo penye siri ya X + 1.

Chukua bomba moja la maji linalohudumia mitaa mia, lenye uwezo wa ndoo mia kwa siku. Msimamizi ameweka sheria: mtaa wowote usichote zaidi ya ndoo saba. Kwenye mtaa wa nyumba tatu watu wanafika, wanachota, wanaondoka. Mtaa wa nyumba elfu moja nao una ndoo saba zile zile. Mtu wa mtaa mkubwa anapanga ndoo yake leo na zamu yake itafika baada ya miezi, huku akimwona jirani wa mtaa mdogo anachota asubuhi na jioni.

Ndivyo sheria ya Marekani ya mwaka 1990 inavyofanya kazi. Grinikadi za ajira ni takriban 140,000 kwa mwaka, wake, waume na watoto wakihesabiwa humo humo, na kila nchi kikomo chake ni asilimia 7. Comoro yenye watu wasiofika milioni moja na India yenye zaidi ya bilioni 1.4 zina kikomo kimoja. Kwenye kundi la wenye uzamili, kundi lenye nafasi kama 40,000, fungu la India ni takriban 2,800.

Kila mwezi wizara ya mambo ya nje ya Marekani hutoa jedwali la foleni, na India ina safu yake peke yake. Katikati ya mwaka 2025 safu hiyo, kwa kundi la uzamili, ilisomeka 1 Januari 2013. Maana yake waliokuwa wanahudumiwa ni wale ambao maombi yao yaliingia kabla ya siku hiyo. Safu ya nchi nyingi nyingine ilisomeka mwaka 2023. Elimu ile ile, kazi ile ile, pengine meza moja ofisini, na kati yao miaka kumi.

Msimamizi wa bomba ana utaratibu mwingine unaoeleza kwa nini watu hawaondoki. Ukishaweka ndoo, unaruhusiwa kukaa kivulini mpaka zamu yako ifike. Tangu sheria ya mwaka 2000, mtu ambaye ombi la ukaazi aliloombewa na mwajiri limekubaliwa, ila zamu yake haijafika, anaweza kuongezewa H-1B kupita ile miaka sita, tena na tena. Akiamua kurudi India ndoo yake haiondolewi kwenye mstari, maana tarehe inabaki ya kwake. Anachopoteza ni kivuli. Akitaka kukirudia anahitaji mwajiri wa kumwombea upya, na Septemba 2025 tangazo la Rais Trump liliweka ada ya dola 100,000 kwa maombi mapya ya H-1B ya mtu aliye nje ya Marekani. Aliyesubiri miaka minane anaona akiondoka leo ameitupa minane yote, kwa hiyo anasubiri wa tisa. Mwakani atakuwa na tisa ya kuitupa.

Mfano wa bomba una mipaka yake. Ndoo zisizochukuliwa na mitaa midogo hupewa aliyetangulia kwenye mstari mrefu, hivyo miaka mingine Wahindi wamepata kuliko fungu lao. David Bier wa Cato, taasisi ya utafiti ya Marekani, alihesabu mwaka 2023 akapata Wahindi zaidi ya milioni moja kwenye foleni, pamoja na familia zao, na kusubiri kwa anayeanza sasa kukazidi miaka mia. Ni hesabu ya karatasini: watu hufa, hukata tamaa, huolewa, hubadili kundi. Nazo takwimu za wanaobaki zinawahusu zaidi wenye uzamivu, ambao zaidi ya 8 katika 10 bado wako Marekani miaka mitano baadaye. Wa uzamili, ambao ndio wengi, huwezi kuwapima kwa kipimo hicho.

Jambo lililonistaajabisha kuliko yote ni kwamba mtaa wako kwenye bomba hili unafuata mahali ulipozaliwa, wala si pasipoti unayoshika. Mhindi aliyezaliwa Mombasa, wazazi wake wakiwa wakaazi wa huko, anapanga foleni ya Kenya hata kama leo ni raia wa India. Aliyezaliwa Dar es Salaam anapanga ya Tanzania. Na mzaliwa wa Hyderabad akimwoa mzaliwa wa Dar es Salaam, sheria inamruhusu ahesabiwe kwenye foleni ya mkewe.

Anayesubiri bila bahati hiyo huku analea, saa inayomkimbiza ni ya mtoto. Mtoto aliyeingia Marekani amebebwa yumo kwenye ombi la wazazi mpaka afike miaka 21, na hata sheria ya mwaka 2002 iliyopunguza makali ya umri huo haitoshi kwa foleni ndefu kiasi hiki. Wazazi wengi ninaowafahamu walianza kuzungumzia kurudi kwa dhati mtoto alipokaribia darasa la kwanza, wakati bado anaweza kuanza shule kwa Kitelugu au Kitamil bila kulia. Waliovuka hapo wakangoja, na mtoto akafika 21 kabla ya zamu, humwona akitolewa kwenye ombi lao na kutakiwa atafute viza yake mwenyewe. Iliyo karibu ni ya mwanafunzi. Kuipata inabidi amthibitishie ofisa wa uhamiaji kwamba masomo yakiisha atarudi kwao, India.