Je, wajua kwanini ndege wadogo wengi hujenga kiota kipya wakati cha zamani bado kipo?

Ukikaa shamba Pemba, popote penye mikarafuu na migomba, chozi lazima utamuona, yule ndege mdogo wa mdomo uliopinda anaehangaika na maua kutwa nzima. Kiota chake ni kimfuko kinachoning'inia kwenye ncha ya tawi, mlango uko ubavuni. Jike ndo anaejenga, na kazi yenyewe si ndogo, majani makavu, nyasi, vipande vya magome, vyote anavifunga kwa utando wa buibui anaokwenda kuuchukua kidogo kidogo kwa mdomo, kisha ndani anatandika vitu laini kama sufi na manyoya. Anataga mayai mawili hivi, anaatamia kama wiki mbili, makinda yanakaa ndani wiki mbili nyengine na kidogo, halafu yanaruka. Kiota kinabaki kizima, hakina hata tundu. Lakini akitaka kutaga tena mara nyingi anakwenda kuanza moja, hata ikiwa ni tawi la pili yake tu. Wapo wanaokirudia, ila ndege wadogo wengi wa msituni mtindo wao ndo huo, kipya kila uzazi.

Sasa ya nini kujichosha hivo na nyumba ipo?

Anaefuga kuku jibu analo tayari. Kuku akishaangua, pale alipokuwa kaatamia hapafai tena, ukitia mkono tu unatoka na utitiri mpaka kwenye kiwiko. Utitiri mchana unajificha kwenye nyufa za banda na chini ya matandiko, usiku ndo unapanda kunywa damu, ukiwa na njaa rangi yake ni kijivu na ukishiba unakuwa mwekundu. Kwenye joto kama letu kizazi kimoja kinakamilika kwa wiki hivi, na ukikosa damu hauondoki, unaweza kukaa miezi kadhaa unasubiri. Ndo mana watu wanachoma matandiko ya zamani na kumwaga majivu kabla kuku mwengine hajakaa. Chozi hana majivu wala kiberiti, yeye dawa yake ni kuhama.

Na utitiri ni mmoja tu kati ya wakaazi wa kiota. Kuna viroboto, kupe, kuna kunguni wa ndege ambao ni jamaa kabisa wa kunguni wa vitandani, na kuna hawa wanaonitisha mimi kuliko wote, funza wa nzi. Nzi wenyewe ukiwaona huwezi kuwadhania, mkubwa hanyonyi damu, anachotafuta ni kiota chenye makinda apate kutaga. Mayai yakiangua, funza wanajificha chini kwenye matandiko, na usiku wanapanda wanajibandika kwenye tumbo au miguu ya kinda wananyonya, kisha wanarudi chini. Ulaya na Marekani wanaofanya kazi hiyo ni nzi wa jamii ya Protocalliphora, huku Afrika yupo Passeromyia heterochaeta. Kinda lenyewe bado halina hata manyoya, uzito wake gramu chache, damu iliyomo ni matone tu, kwahiyo funza wakiwa wengi linakosa nguvu hata ya kunyanyua shingo kuomba chakula. Makinda yakishaondoka ukikichana kiota utawakuta chini kabisa kwenye vumbi, vifuko vidogo vya kahawia, ndani yake nzi anajiumba.

Mzazi nae hakai tu akatizama. Uswisi kuna watafiti walichukua viota vya ndege mmoja mdogo wa misitu ya Ulaya, kichwa cheusi tumbo la manjano, kitaalamu Parus major, vyengine wakavitia viroboto na vyengine wakaviacha safi, halafu wakarekodi kinachoendelea usiku. Jike wa kiota safi alikuwa analala karibu robo tatu ya usiku. Yule mwenye viroboto alilala chini ya nusu, na muda mrefu zaidi akawa macho anachokoa matandiko kwa mdomo. Na dume mchana ikawa anabeba chakula zaidi, mana makinda yanayonyonywa damu yanalia njaa zaidi. Yaani kiota kichafu kinalipiwa na familia nzima. Pia ikaonekana kwamba jike akipatiwa viroboto wakati bado anataga, kinga ya mwili wake inapita mpaka kwenye mayai na makinda yanakuja kukua vizuri zaidi kwenye kiota chenye viroboto. Mimi hili limenishangaza sana, mama anamkinga mwanawe na adui kabla hajamzaa.

Hapo sasa ile hesabu ya chozi inaeleweka. Kujenga upya kunamgharimu siku kadhaa za kazi, kurudi kwenye kiota cha zamani kunaweza kumgharimu makinda. Na yeye si kama ndege wa Ulaya wengine wanaotaga mayai 8 mpaka 12 kwa mara moja, ana mawili, funza wale wale wakigawana makinda mawili kila kinda linabeba mzigo mzito.

Isiwe tunawapa wadudu lawama yote lakini. Utando wa buibui unavutika na kuchakaa, masika ikipiga wiki mbili tatu kiota kinalegea kwenye tawi. Halafu kuna maadui, nyoka, tumbili, na kunguru wale wa shingo ya kijivu walioletwa Unguja kutoka India miaka ya 1890, wote hao wanakula mayai na makinda, na akishapajua mahali anapajua. Kwa ndege wa nchi za joto makinda mengi yanapotea kwa njia hiyo kuliko kwa utitiri. Kwahiyo kuhama kunatibu mambo mengi kwa pamoja.

Wapo ndege ambao kuhama hawawezi kirahisi, kama mbayuwayu wanaojenga kwa udongo, mana kiota kimoja ni mamia ya vidonge vya tope anavyovibeba kimoja kimoja. Hawa wanarudi, na wanalipa. Huko Nebraska, Marekani, kuna mbayuwayu wanaojenga kwa makundi makubwa chini ya madaraja na kwenye majabali, wamechunguzwa tangu 1982, na viota vyao vina kunguni wanaoweza kukaa mwaka na zaidi bila ndege, wakisubiri. Watafiti walipopulizia dawa baadhi ya viota, makinda ya humo yakawa mazito kuliko ya jirani zao. Na ndege wenyewe wana akili, wakifika wanapita kukagua kwanza, pakiwa pamejaa kunguni wanaweza kupahama pote kwa mwaka mzima au zaidi.

Wengine wanatia dawa wenyewe. Kwenye kisiwa cha Corsica, Ufaransa, kuna ndege mdogo wa kichwa cha buluu anaeleta majani ya kunukia kiotani, mnanaa na mrujuani wa huko na mengineyo, na watafiti wakiyaondoa analeta mengine, tena anajua kwa harufu kwamba yamepungua. Mexico City nako shomoro wanaokota vichungi vya sigara wanatia kwenye matandiko, na viota vyenye vichungi vingi vimekutwa na wadudu wachache, ingawa sumu ile haiwaachi salama makinda pia. Sisi tunaotoka kwenye karafuu hatuna haja ya kuambiwa nguvu ya harufu, mafuta ya karafuu yana kitu kinaitwa eujenoli na wadudu wengi hawakistahamili.

Habari nzito zaidi inatoka Galápagos, visiwa vya Ekuado. Kuna nzi aliingia kule kwa safari za watu, Philornis downsi, mwaka 1997 ndo akaonekana kwa mara ya kwanza kwenye viota vya ndege wadogo wa visiwa hivo. Funza wake wakiwa wadogo wanaingia mpaka puani mwa makinda, wakikua wanashuka wanaishi kwenye matandiko na kunyonya usiku. Ndege wa kule hawakuwahi kumjua mdudu wa namna hii. Aina moja inayoishi kwenye mikoko imebaki ndege 100 hivi tu dunia nzima, na mwaka 2014 watu walianza kuchukua mayai yao na kuyalea makinda kwa mkono. Njia nyengine waliyojaribu ni kuwawekea ndege pamba yenye permethrin, dawa inayotiwa kwenye vyandarua vya mbu, ndege wakaichukua wenyewe wakajengea, na viota vilivyopata pamba ya kutosha vikawa karibu havina funza kabisa.

Nikisoma hayo akili inakwenda Ngezi na Msitu Mkuu, misitu yetu ya Pemba, moja kwa moja. Mkondo wa Pemba una kina cha mamia ya mita, kwahiyo kisiwa kimejitenga na bara kwa muda mrefu sana, na ndo mana chozi wa Pemba hayupo pengine popote, kama ilivyo kwa kinengenenge wetu mwenye duara jeupe machoni, ninga wa Pemba na yule bundi mdogo. Ndege wa kisiwa kimoja hawana pa kukimbilia. Kuku, njiwa na ndege wa matundu wanaosafirishwa bila kukaguliwa wanabeba wadudu wao, na mdudu mgeni akishazoea msitu kumtoa haiwezekani.

Kama kwako kuna chozi kajenga barazani au kwenye waya wa kuanikia nguo, mwache mpaka makinda yaruke, ni wiki chache tu. Yakishaondoka subiri siku mbili tatu uhakikishe hawarudi, ndo ukitoe, na usikitie ndani kuwa pambo, mana utitiri ukikosa ndege unahamia kwa watu, haukai mwilini lakini unauma na kuwasha vibaya. Vaa glavu, kitie kwenye mfuko, kachome mbali na nyumba, na sehemu kiliponing'inia pafute kwa maji ya moto na sabuni.