Kabla hujanunua dau, subiri maji yapwe

Anayetaka dau la tanga huku kwetu pwani ana njia mbili: amwendee fundi wa Nungwi, Bagamoyo au Matondoni kule Lamu amuundie jipya, au anunue lililokwisha kutumika. Katika kazi yetu ya kukagua vyombo vidogo tunaulizwa jambo hili mara kwa mara, na karibu kila anayeuliza huanza na bei. Mimi humwambia aanze na mkuku, ule mti mrefu wa chini kabisa unaobeba chombo chote.

Ubao wa ubavuni ukioza, fundi huutoa akatia mwingine. Lakini mkuku ukioza, au mataruma, yaani mbavu za chombo, yakiwa yamelegea, hapo hununui dau. Unanunua mlingoti na tanga, na kilichobaki utakiunda upya kwa fedha zako.

Mwombe mwenye chombo akipweleze ufukweni wakati wa bamvua, maji yanapojaa na kupwa sana, na ngama, yaani maji yaliyotuama ndani ya chombo, isifuliwe kwanza. Maji yakipwa, yale yaliyomo ndani yatatafuta pa kutokea, na pale utakapoona mbao zinatoa machozi ndipo penye kasoro. Pita na kisu chembamba kandokando ya mkuku: kikizama bila kusukumwa, ubao umekwisha hata kama rangi inang'aa. Tazama na vichwa vya misumari. Palipochuruzika kutu, mara nyingi ubao umeshakuwa mweusi na laini, na msumari haushiki tena. Vitundu vidogo chini ya usawa wa maji ni vya mnyoo wa baharini. Usividharau, maana mfereji wake ndani ya ubao ni mnene kuliko tundu aliloingilia.

Ila usikikatae chombo kwa kuvuja tu. Kilichokaa juani miezi kadhaa mbao zake husinyaa, na kikirudi majini huvuja mpaka zivimbe tena.

Kijana mmoja aliniita nimtazamie dau lililopakwa rangi mpya, zuri kwelikweli. Tulipoinua mbao za sakafuni tukakuta saruji imemiminwa kati ya mataruma. Nikaigonga, ikabanduka kipande kizima, na ubao wa chini yake ukavunjika kwa vidole. Alikuwa ameshatoa nusu ya fedha. Jambo hilo liliniuma sana, kwa sababu kukagua kungemchukua asubuhi moja tu.

Ukiunda jipya, kila mti unauona kabla haujafichwa. Mvule hudumu; mwembe ni rahisi kununua lakini huwahi kuoza. Mataruma yatafutwe katika matawi yaliyopinda yenyewe, kwani mti ulionyooka ukichongwa upinde nyuzi zake hukatika, na hapo ndipo utakapopasukia. Kama fundi anatumia mikoko, aonyeshe kibali cha mamlaka ya misitu; kwa Tanzania Bara ni TFS, Wakala wa Huduma za Misitu. Mlipe kwa hatua: mkuku umelazwa, mataruma yamesimama, mbao zimefunga, kalafati, yaani kuziba nyufa za mbao, imekwisha. Na utenge fedha za tanga, foromali (mti unaobeba tanga), kamba na nanga tangu mwanzo. Wengi huzisahau, dau likabaki ufukweni likikauka.

Kwa mvuvi mwenye haraka ya msimu, dau kuukuu lenye mkuku mzima linatosha kabisa. Anayekusudia kubeba abiria au watalii ningependa aunde, tena, akiwa Tanzania Bara, amwone mkaguzi wa TASAC, Shirika la Uwakala wa Meli Tanzania, au wa Mamlaka ya Usafiri Baharini akiwa Zanzibar, kabla fundi hajalaza mkuku.