Mashua ikiwa nchi kavu haiozi? Nani kakwambia

Nasikia sana watu wakisema ukishaivuta mashua pwani kipindi cha kusi (upepo mkali wa kusini) basi imepona, bahari ndo inaozesha mbao, we iache tu ipigwe jua mpaka upepo utulie. Hapana jamani. Kweli ikikaa juu muda mrefu wale wadudu wa baharini wanaotoboa mbao wanakufa, hapo sibishi, lakini jua la wiki kadhaa linazikausha mbao, zinasinyaa, kalafati (pamba ya kuziba kati ya mbao) inalegea, siku ya kushusha maji yanaingia kila kona halafu mtu anamlaumu fundi.

Na maji ya chumvi sio adui mkubwa kihivyo. Ukungu unaoozesha mbao unapenda maji ya mvua, ndo maana zamani kuna meli za mbao zilikuwa zinajazwa chumvi kabisa katikati ya mataruma (mbavu za chombo). Sasa we mvua inanyesha, nguruzi (kizibo cha tundu la kutolea maji) umeiacha imeziba, ngamani, kule chini ndani ya mashua, maji yametuama na majani juu yake, utashika mbao na kidole kinazama kama kwenye muhogo uliochacha.

Kwahiyo chomoa nguruzi (ifunge kwa kamba usije ukaipoteza, mi nishaipoteza), inua tezi (nyuma) au omo (mbele) kidogo maji yashuke kwenye tundu, mkuku (ule uti wa chini wa mashua) ukae juu ya magogo sio mchangani, gadi (miti ya kuegemeza) huku na huku, makuti juu ila upepo upite. Turubai la kubana kabisa silipendi, linapika unyevu humohumo. Ubavuni pakaa sifa (mafuta ya papa), harufu utazoea.